Kujifunza kuchora kwa ordinatere: uanzie wapi?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu vya kazi, malaria na maji safi. Leo tutazungumza juu ya kuchora. Musishangae. Mchoro wa chimbo ni chombo cha usalama, sawa na kofia.

Sikilizeni mambo haya. Tarehe 24 Julai 2002, katika chimbo la makaa ya mawe la Quecreek, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wachimbaji walitoboa ukuta wa chimbo la zamani lililojaa maji. Maji yakaingia kwa nguvu. Watu 9 wakafungwa chini ya udongo kwa saa zaidi ya 77. Wote 9 walitolewa wazima tarehe 28 Julai. Kwa nini walitoboa pale? Ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha mwisho wa kweli wa kazi za lile chimbo la zamani. Karatasi ilisema maji yako mbali. Kumbe yalikuwa karibu.

Siku hizi michoro ya machimbo, ya mashini na ya nyumba inafanywa kwa ordinatere. Mtumikaji mmoja aliyeumia mgongo, na ambaye mganga alimtoa katika kazi ya chini, alikuja kwangu kwenye dispansere. Hakuomba dawa. Aliniuliza: « Dokta, mikono yangu na akili yangu ni nzima. Nataka kujifunza kuchora kwa ordinatere. Nianzie wapi, na feza sina? » Vijana wengi waliomaliza shule wananiuliza vile vile. Mimi pia nilianza bila kujua kitu, basi nitawajibu wote hapa.

1. Anza na mita na kreyo

Ordinatere haimfundishi mtu kupima. Twaa mita, kreyo na karatasi ya miraba. Pima meza ya nyumbani: urefu, upana, kimo. Ichore jinsi inavyoonekana kutoka juu, kutoka mbele, na kutoka upande. Andika vipimo vyote. Kama kuna kitabu cha zamani cha « dessin technique » nyumbani mwa jirani, kiazime. Kanuni za kuonyesha kitu kwa pande tatu zingali zile zile. Ukifanya hivi juma moja, ordinatere haitakutisha.

2. Programu gani?

Usikimbilie kununua. Kuna programu nzuri zisizolipwa hata franka moja, na sheria inakuruhusu kuzitumia.

LibreCAD inachora vitu bapa: plani ya nyumba, ya njia, ya kipande cha chuma. Ni nyepesi, na inatumika hata kwenye ordinatere ya zamani. Hii ndiyo ninayomshauri mwenye kuanza. FreeCAD inachora vitu vyenye unene, ambavyo unaweza kuvigeuza na kuvitazama pande zote. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Uiendee baadaye. Zote mbili zinaweza kuonyesha maneno yake kwa Kifaransa.

AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, inatumika katika maofisi mengi, lakini bei yake ni kubwa. Kampuni inayoitengeneza, Autodesk, inawapa wanafunzi na walimu wa shule zinazotambuliwa ruhusa ya kuitumia bure kwa masomo, mwaka mmoja mmoja. Kama mtoto wako yuko shule ya ufundi au universite, amuulize mwalimu wake.

Jihadhari na kopi zinazouzwa njiani. Mimi mwenyewe nilinunua moja. Juma la pili virusi ilikula kazi yangu yote, na picha za watoto wangu pia. Twaa programu kwenye ukurasa wa wenyewe walioitengeneza. Kama huna mega za kutosha, nenda siber mara moja, uiweke katika flashi, halafu utafanya kazi nyumbani bila intaneti.

3. Masomo yanapatikana wapi?

Kwanza, katika kitabu cha maelezo cha programu yenyewe. Watu wanakiruka, kumbe ndicho kinachosema kweli. Pili, katika video. Chagua mwalimu mmoja, umfuate tangu somo la kwanza mpaka la mwisho. Mwenye kuruka kutoka mwalimu huyu mpaka yule anajua vyanzo kumi, wala hajui mwisho hata mmoja. Tatu, kwa mtu. Katika ofisi ya mapimo ya chimbo kuna wachoraji. Mwombe mmoja kwa heshima akutazamie mchoro wako kila juma mbili. Dakika zake kumi zitakuokolea siku nyingi.

Utajuaje somo jema? Linatumia toleo la programu ulilo nalo. Linakupa vipimo vya kweli. Na mwisho wake una kitu ulichokichora kikamalizika. Mtu akikuahidi barua ya ufundi kwa siku tatu ukimlipa, mwache.

4. Kazi ya kwanza: chumba chako

Tuseme chumba chako kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Amua kwamba kila kipimo ni milimetri. Sasa andika 4000 na 3000. Usipunguze kitu: katika ordinatere tunachora kwa ukubwa wa kweli, na kupunguza kunafanyika wakati wa kutoa karatasi tu. Wengi wanaoanza wanakosea hapa.

Ongeza unene wa kuta, kisha mlango na dirisha. Weka kuta katika tabaka moja, milango katika la pili, vipimo katika la tatu. Matabaka ni kama karatasi za kalke zilizowekwa moja juu ya nyingine: unaweza kuficha moja bila kuharibu zingine. Hifadhi kazi yako kila dakika kumi, maana umeme haupigi hodi kabla ya kukatika.

Mwishoni, toa plani kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo cha 1:50. Mita 4 itakuwa milimetri 80, na mita 3 itakuwa milimetri 60. Pima kwenye karatasi. Ukikuta 77 badala ya 80, mashini ya kutoa karatasi imebana mchoro ili uenee ukurasa. Rekebisha, toa tena. Usimpe mtu plani ambayo hukuipima.

5. Macho na mgongo

Wengine wanasema ordinatere inapofusha. Si kweli, lakini inachosha macho, kwa sababu mtu anayekazia kioo anasahau kupepesa. Weka kioo mbali nawe kama urefu wa mkono. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa muda wa sekunde 20. Kama umepita miaka 40 na maandishi ya karibu yanakupotea, usiache masomo: njoo tupime macho, pengine unahitaji miwani tu.

Mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage chini, viwiko vikae karibu na mbavu. Kila nusu saa simama, tembea kidogo. Wewe uliyeumia mgongo, neno hili ni lako kwanza: kukaa saa tano bila kusimama kunaweza kukurudishia maumivu. Saa moja kila siku inatosha.

6. Kosa langu

Nilipojiona fundi, nilichora plani ya dispansere yetu, kuonyesha njia ya kutokea kama moto ukiwaka. Ilikuwa nzuri, yenye rangi. Mlango wa nyuma niliuandika sentimetri 90, kwa macho tu. Mwenzangu akaleta mita: 78. Tukajaribu na machela. Wabebaji hawakupita bila kugeuka kwa upande. Ningebandika plani ile ukutani, ingewapeleka wagonjwa kwenye mlango mbaya. Ordinatere haikunionya. Iliandika 90 kwa maandishi safi kabisa, kwa sababu mimi ndimi niliyesema 90.

Kwa hiyo, chini ya kila mchoro andika mambo matatu: nani alipima, siku gani, na nini hakijapimwa bado. Watu wa Quecreek walikosa habari kama hiyo.

Yule ndugu mwenye mgongo amemaliza plani ya chumba chake. Alipima kuta mara mbili, na akakuta pembe moja haiko sawa. Miaka kumi na moja amelala mle bila kuijua. Sasa anapima nyumba nzima.

Maswali ya kujibu jioni pamoja na jamaa

1. Chumba cha mita 5, kwa kipimo cha 1:50, kitakuwa milimetri ngapi kwenye karatasi?
2. Kwa nini tunachora kwa ukubwa wa kweli ndani ya ordinatere?
3. Mlango wa nyumba yako una sentimetri ngapi? Usijibu kwa macho. Twaa mita.