Wanasoma kwa Sauti, Hawaelewi

*Nafundisha Baiolojia Kidato cha Kwanza, shule ya kata. Wanafunzi wangu walisoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, sasa kila kitabu ni cha Kiingereza. Nikimwinua mmoja asome, anatiririka. Nikimuuliza amesoma nini, kimya. Mwishowe natafsiri kila aya, wao wananakili na kukariri. Swali likigeuzwa kidogo kwenye mtihani, wamekwama. Nimeanza kuamini hawana uwezo. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Singida*

Mwanangu, uwezo wanao. Wasichojua ni namna ya kujiongoza wanapokutana na maandishi magumu, na kila unapowatafsiria aya nzima, kazi hiyo unaifanya wewe. Naelewa sababu: mada ni nyingi na kipindi ni dakika 40. Lakini kujiongoza kunafundishika.

Mwaka 1984, Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliotamka maneno vizuri bila kuelewa wanachosoma. Waliwafundisha kubashiri, kujiuliza maswali, kufafanua penye utata na kufupisha. Mwalimu alianza yeye, kisha wanafunzi wakapokezana kuongoza, na uelewa wao ukapanda sana. Wanafunzi wako wana mzigo wa lugha pia, kwa hiyo nenda nao kwa hatua tatu.

Kabla ya kusoma, watazame kichwa cha habari na mchoro, waseme kwa Kiswahili wanachojua tayari. Mtoto aliyekulia shambani ana mengi ya kusema kuhusu mizizi. Fundisha maneno machache ambayo bila hayo aya haieleweki. Yasiyojulikana yakizidi, kubashiri kunageuka kupiga ramli. Kisha kila mmoja aandike swali moja analotaka aya hiyo imjibu.

Wakati wa kusoma, fikiri kwa sauti mbele yao. Chukua sentensi hii: *Roots absorb water from the soil.* Sema: “Mizizi naijua, maji nayajua, udongo naujua. Hili *absorb* silijui. Mizizi inafanya nini na maji ya udongoni? Labda inayanyonya. Ngoja nisome sentensi inayofuata nione kama inakubali.” Wanafunzi wengi hawajawahi kusikia kinachoendelea kichwani mwa msomaji mzuri. Wanadhani anaelewa papo hapo, na wao wakikwama wanajiona wajinga. Wakikuona nawe unasita, unarudi nyuma na kujaribu tena, watajua kwamba huko ndiko kusoma kwenyewe.

Halafu wafanye wawili wawili, na kila mmoja aandike daftarini namba ya mstari uliompoteza. Usilipuuze zoezi hilo. Anayesema “sijaelewa” kuhusu ukurasa mzima hana pa kuanzia. Anayesema “nimepotea mstari wa nne” ameshaanza kujisaidia.

Baada ya kusoma, wafunge kitabu. Kila mmoja amsimulie mwenzake aya ile kwa Kiswahili, kisha aandike sentensi moja ya Kiingereza na aangalie kama swali lake limejibiwa. Kama halijajibiwa, aseme atafanya nini: arudie aya, atazame mchoro au amuulize mwenzake.

Kiswahili kisikutie hofu. Mtaalamu Jim Cummins alieleza zamani kwamba stadi za kusoma alizojijengea mtu katika lugha moja humsaidia katika nyingine. Cha kuepuka ni kimoja tu: wewe kusimulia kabla wao hawajajaribu.

Usianze na yote kwa pamoja. Wiki ijayo chagua aya moja fupi na mbinu moja, kisha uirudie mpaka waifanye bila kukumbushwa. Ongea pia na mwalimu wa Kiingereza na wa Jiografia, watoto wakute utaratibu uleule katika kila kipindi.

Mwanzoni watakutazama wakisubiri utafsiri, na ukimya huo utakuuma. Vumilia. Mwakani watafanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na pale kila mtoto atakaa peke yake na karatasi yake. Waache wajaribu, wakosee na warudie sasa, ungali karibu nao.