Zimwi Aliyebadili Sauti: Hadithi Kama Kinga ya Mtoto Mtandaoni

Wazazi wengi wanaofika katika kliniki za watoto huuliza kuhusu saa: mtoto atazame simu kwa muda gani? Swali hilo lina jibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Lisiloulizwa sana ni kwamba mtoto atakutana na nani humo, na akikutana naye atafanya nini. Makala haya yanahusu swali hilo la pili, kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, ambao aghalabu hawana simu yao bali huazima ya mama au ya kaka.

Nasaha iliyozoeleka ni “usizungumze na mtu usiyemjua.” Kwa umri huo haifui dafu. Mtu aliyecheza na mtoto siku tatu ndani ya mchezo wa simu, mwenye jina na picha ya katuni, kwa mtoto si mgeni tena, ni rafiki. Kuna na sababu ya kimakuzi. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini, kisha mama yake akaihamisha yeye asipokuwapo. Je, akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 hutaja pale ilipohamishiwa. Ni kuanzia miaka 4 hivi ndipo uwezo wa kuelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli huanza kujengeka, na hukomaa polepole. Kumwelewa mtu anayejisingizia ni kazi nzito zaidi, na amri tupu haimsaidii mtoto kuifanya.

Hadithi humsaidia. Katika sehemu nyingi za Afrika husimuliwa kisa cha zimwi aliyesikiliza wimbo ambao mama huwaimbia wanawe ili wamfungulie mlango, akalainisha sauti yake na kuuimba vilevile. Msikilizaji mdogo anajua aliye nje, ilhali watoto waliomo ndani hawajui. Anashikilia kweli mbili kwa pamoja, na hilo hasa ndilo zoezi analolihitaji. Sijaona maelezo ya kitaalamu kuhusu akaunti za uongo yanayokifikia kisa hiki kwa uwazi.

Hata hivyo zimwi peke yake hatoshi, kwa kuwa hadithi zetu nyingi humalizia kwa adhabu: asiyesikia ameliwa. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 7 waliokatazwa kuchungulia kitu cha kuchezea, wakasimuliwa hadithi, kisha wakaulizwa kama walichungulia. Hadithi ya Pinocchio na ya mchunga kondoo mwongo, ambazo humwadhibu mwongo, hazikuongeza ukweli. Iliyoongeza ni ya George Washington na mcheri, ambamo mtoto anakiri kosa na baba anafurahi. Watafiti walipoigeuza hadithi hiyo ioneshe mabaya ya kusema uongo, nguvu yake ilitoweka. Kwa suala letu hili ni jambo zito, maana mhalifu wa mtandaoni hutegemea kitu kimoja kuliko vyote: mtoto anyamaze kwa kuogopa kipigo cha nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza hadithi ya namna hii. Neema, wa miaka 7, anacheza mchezo wa kujenga nyumba kwenye simu ya mama. Humo yumo anayejiita Simba Mdogo, asemaye naye ana miaka 7, na humpa matofali ya dhahabu. Siku ya tatu anaomba picha ya Neema akiwa na sare ya shule. “Usimwambie mama, hii ni siri yetu.” Neema anatuma. Kesho yake anaombwa picha nyingine, ambayo anajua haifai. Tumbo linamkaza. Anamfuata bibi, anayechagua mchele uani. “Bibi, nimetuma picha.” Bibi anaweka ungo chini. “Umefanya vyema kuniambia, mjukuu wangu. Aliyekosa ni yule.”

Neema ametuma picha kwa makusudi ya msimulizi. Tukimsimulia mtoto shujaa asiyekosea, yule ambaye tayari ametuma atajiona amekwisha kupotea. Nimemchagua pia mtoto badala ya sungura, kwani utafiti wa Toronto wa mwaka 2018 ulionesha kwamba watoto waligawana vitu zaidi baada ya kusikia hadithi ya watu kuliko ya wanyama wenye tabia za watu. (Sungura wetu abaki kwa vicheko, anastahili.)

Anza kwa “Hadithi, hadithi!” na usubiri waitike. Simama kabla Neema hajatuma, uulize: Neema amejuaje kwamba Simba Mdogo ni mtoto? Usisahihishe upesi. Uliza pia tofauti ya siri ya Simba Mdogo na zawadi ya mama inayofichwa hadi siku yake; ya pili ina mwisho, na ikijulikana kila mtu hufurahi.

Huenda mtoto akajibu, “Hata mimi.” Usimpige wala usimnyang’anye simu kwa ghadhabu. Usifute ujumbe, usimjibu mtu yule. Peleka simu Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga bure namba 116. Asiyesema kwa kinywa huenda akasema kwa mwili: kurudia kukojoa kitandani, tumbo kuuma bila ugonjwa kuonekana, kukataa shule. Dalili hizi zina sababu nyingi, basi aletwe achunguzwe. Na ikiwa mtu huyo amekwisha kukutana na mtoto na kumfanyia ukatili wa kingono, mlete hospitali siku hiyohiyo bila kumwogesha, pamoja na nguo alizovaa zikiwa hazijafuliwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita.