SOMO LA WIKI: Daraja la Picha Halipimwi kwa Macho Pekee

Mkulima wa Mgogoni, Pemba, anapofikisha gunia kwenye kituo cha ZSTC, mpimaji hatazami uzito tu. Huangalia rangi, hupima ukavu, hutafuta makonyo, ndipo hutaja daraja. Bei hufuata daraja.

Masoko ya picha ya intaneti nayo yana wapimaji wake. Humo mpiga picha huweka kazi zake, na mnunuzi hulipia haki ya kuzitumia. Tangu 2022 soko hilo limeingiliwa na picha zinazotungwa kwa akili mnemba. Getty Images ilizikataa Septemba 2022. Adobe Stock ilizikubali Desemba mwaka huo, kwa sharti kwamba ziwekwe alama ya asili yake. Alama hiyo haikutosha. Mwaka 2023 picha za kubuni za vita ya Gaza ziliuzwa humo zikiwa na alama, lakini baadhi ya tovuti zilizitumia bila kuwaambia wasomaji. Adobe ikakaza masharti: maelezo yasidai kuwa picha ya kubuni ni ya tukio halisi.

Kasoro kubwa iko kwenye ukaguzi wenyewe. Mkaguzi huhesabu vidole, husoma maandishi yaliyopinda, hupima ukubwa (Adobe Stock hutaka megapikseli 4 au zaidi). Mikarafuu je? Karafuu huchumwa ingali mbichi, ya kijani au yenye wekundu, kisha huanikwa juani mpaka igeuke kahawia. Picha ya mkarafuu wenye vikonyo vilivyojaa karafuu za kahawia, kavu, itapita bila swali mbele ya mtu asiyewahi kuona shamba. Mwenye kampuni ya utalii akiibandika kwenye kipeperushi chake, mzaliwa yeyote wa Pemba ataicheka, na mnunuzi wa viungo kutoka Mumbai ataanza kutilia shaka mengine yaliyoandikwa humo.

Kwa hiyo mnunuzi wa picha asitegemee muhuri wa soko. Asome alama ya asili, kisha amwonyeshe mtu wa shamba kabla ya kulipa matbaa. Hilo halina gharama.

Kwa muuzaji, hesabu ni nyembamba. Adobe Stock humpa mwenye picha asilimia 33. Haki ikiuzwa dola 3, yeye hupata takriban dola 1. Kijana wa Mgogoni mwenye kamera hawezi kushindana kwa wingi na mashine itoayo picha mia kwa saa. Anachoweza kuuza ni uhakika: faili asilia, jina la mahali, mwezi wa mavuno, na idhini iliyotiwa saini na kila mchumaji anayetambulika sura. Idhini hiyo ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo picha nzuri ya watu hurudishwa. Karatasi hizo zijazwe siku ileile ya kupiga picha, kabla wachumaji hawajatawanyika msimu unapokwisha.