Mtoto Akitimiza Miaka Saba: Je, Sheria Inasema Ahamie kwa Baba?

Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Heru Juu na Makere upande wa Kasulu hadi Kifura na Mabamba upande wa Kibondo, lipo neno linalorudiwa mara kwa mara ndoa inapovunjika: "Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Hutamkwa na wazee wa ukoo, hutamkwa na majirani, na wakati mwingine hutamkwa hata na viongozi wanaoombwa kusuluhisha. Kwa ajili ya neno hilo, baba huhesabu miaka akiingojea siku ya kwenda kumchukua mwanawe, na mama huihesabu miaka hiyo hiyo kwa hofu. Naye mtoto, aliyekwisha kuandikishwa darasa la kwanza na kuzoeana na wenzake, hujikuta asubuhi moja amepakiwa kwenye pikipiki kuelekea kijiji asichokijua.

Sheria ya Tanzania haisemi hivyo. Somo hili linaeleza sheria inasema nini hasa kuhusu malezi na matunzo ya mtoto wazazi wanapotengana, na mzazi afuate njia ipi ili asipoteze muda wala haki ya mwanawe.

Miaka saba maana yake nini

Suala hili linaongozwa na sheria mbili kuu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kuamua mtoto akae na baba au na mama. Pakiwa na sababu za pekee, mahakama yaweza kumkabidhi kwa ndugu mwingine.

Kifungu hicho ndicho kinachotaja miaka saba. Kinasema kwamba mtoto aliye chini ya umri huo huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake. Hata hivyo, hiyo ni dhana tu, na dhana huweza kukanushwa kwa ushahidi. Sheria inaongeza kuwa mahakama, kabla ya kuitumia dhana hiyo, izingatie ubaya wa kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha kutoka mikono ya mlezi mmoja kwenda kwa mwingine.

Hapana mahali sheria inaposema kwamba mtoto akitimiza miaka saba anakuwa wa baba. Kinachokoma siku hiyo ni dhana inayompendelea mama, na baada yake wazazi wote wawili husimama sawa mbele ya mahakama. Aliyekuwa akimlea mtoto huendelea kumlea, hadi wazazi wenyewe wakubaliane vinginevyo au mahakama iamue vinginevyo. Kumnyakua mtoto kutoka kwa mtu anayekaa naye kihalali ni kuvunja sheria, hata kama anayenyakua ni mzazi wake.

Mambo yanayopimwa na mahakama

Kipimo cha kwanza, kilicho juu ya vingine vyote, ni ustawi wa mtoto. Swali si nani kati ya wazazi ameumizwa zaidi, wala nani alianza kukosea katika ndoa. Swali ni wapi mtoto huyu atakula, atalala, atasoma na kukua vizuri zaidi.

Chini ya kipimo hicho, sheria hizo mbili zinaielekeza mahakama kutazama umri wa mtoto, matakwa ya wazazi, na maoni ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kujieleza bila kushinikizwa. Hutazama pia faida ya kuwaweka pamoja watoto wa tumbo moja, na haja ya mtoto kuendelea kulelewa bila kukatizwa. Kabla ya kuamua, mahakama yaweza kumwagiza Afisa Ustawi wa Jamii afike nyumbani kwa pande zote mbili na kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Kwa hiyo afisa huyo anapobisha hodi hafai kupokewa kama mpelelezi. Anachokiona na kukisikia hapo ndicho kitakachoisaidia mahakama kumjua mtoto.

Chukua mfano wa kufikirika. Mume anaondoka kijijini kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, na mke anabaki na mtoto wa miaka mitatu. Miaka minne inapita, fedha zinatumwa kwa nadra, kisha mume anarudi na kudai mtoto kwa kuwa ametimiza miaka saba. Mahakama itauliza: mtoto anasoma wapi, ni nani aliyempeleka kliniki, anamfahamu nani kama mlezi wake? Umri pekee hautampa baba ushindi.

Sasa geuza mfano huo. Mama ndiye aliyeondoka kutafuta riziki Kahama, akamwacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa bibi mzaa baba. Anarudi mtoto akiwa na miaka mitano na kudai apewe, kwa kuwa walio chini ya miaka saba ni wa mama. Hapa tena umri pekee hautoshi. Mahakama yaweza kuona kuwa kumng'oa mtoto mikononi mwa bibi aliyemlea ni kumdhuru, na kwamba dhana ya miaka saba haifai katika hali yake. Sheria ile ile inayomzuia baba wa mfano wa kwanza yaweza kumzuia mama wa mfano wa pili, kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya baba wala mama.

Mila na mahari

Waha, kama jamii nyingine nyingi za Tanzania, huhesabu ukoo kwa upande wa baba, na ng'ombe wa mahari huheshimiwa kama ushahidi kwamba koo mbili zimeungana. Sheria ya Ndoa haikuzifuta mila. Inaitaka mahakama iangalie pia desturi za jamii ya wazazi. Lakini mila huangaliwa chini ya ustawi wa mtoto, kamwe si juu yake. Mtoto aweza kubaki na jina la ukoo wa baba, akawajua babu zake na kushiriki shughuli za ukoo, huku akiishi kwa mama.

Vilevile, mahari haimnunui mtoto. Ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria ni halali hata kama mahari haikulipwa au haikumalizika. Kwa sababu hiyo, wazazi wa binti hawana haki ya kumzuia mjukuu kama dhamana ya ng'ombe waliobaki, wala mume hana haki ya kusema, "Nilitoa mahari, kwa hiyo watoto ni wangu." Deni la mahari ni jambo la watu wazima, na mtoto hawekwi rehani.

Matunzo na kumtembelea mtoto

Kosa jingine linalowaumiza watoto ni kulichukulia suala la matunzo kama biashara ya kupeana. Baba husema, "Kwa kuwa hakai kwangu, sitoi kitu." Mama naye husema, "Kwa kuwa hatoi kitu, hatamwona." Kauli zote mbili zinapingana na sheria.

Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka baba kuwatunza watoto wake kwa makazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine. Baba akiwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo, wajibu huo humwangukia mama. Sheria ya Mtoto nayo inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na hata nafasi ya kucheza. Inasema pia kwamba mtoto wa wazazi waliotengana ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla ya wazazi kutengana, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yake yasivurugwe. Haki hizo zote mbili ni za mtoto mwenyewe, na mzazi asiyekaa naye hazipotezi wala haziuzi kwa niaba yake.

Mahakama inapopanga kiasi cha matunzo hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mkulima wa maharage hapangiwi sawa na mwajiriwa wa mshahara. Amri ya matunzo hudumu hadi mtoto afikishe miaka 18, na yaweza kuongezwa akiwa bado masomoni.

Wazazi wasiofunga ndoa

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki zile zile. Baba akikana, yaweza kufunguliwa maombi ya kuthibitisha uzazi, na mahakama yaweza kuamuru kipimo cha vinasaba. Hivyo ni busara kutunza kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za fedha zilizotumwa kwa simu na ujumbe wowote ambao baba alimtaja mtoto kuwa wake. Aidha, mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakitambulika kwa watu kama mume na mke, huchukuliwa na sheria kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikikanushwa, mahakama bado yaweza kutoa amri za matunzo na malezi ya watoto wao.

Njia ya kufuata

Mzazi mwenye tatizo la matunzo hahitaji kusubiri talaka. Aanze kwa kutoa taarifa ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Jirani, mwalimu au mtu yeyote mwenye ushahidi kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza mwanawe ana wajibu wa kufanya hivyo pia. Afisa humwita mhusika, huzungumza naye, na akikaidi suala hupelekwa mahakamani.

Anayeomba talaka lazima kwanza apitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza lenye mamlaka ni la kata anakoishi mume; kama mume haishi Tanzania, ni la kata anakoishi mke. Usuluhishi ukishindikana, Baraza hutoa hati, na shauri linatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu hati hiyo itolewe. Hati ikipitwa na muda, mwombaji hulazimika kuanza upya. Ipo misamaha: kwa mfano, mwenzi aliyetelekezwa asiyejua mwenzake aliko, au ambaye mwenzake amekataa kwa makusudi kufika mbele ya Baraza.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Baraza husuluhisha na laweza kutoa mapendekezo, lakini halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa watoto. Vivyo hivyo, karatasi iliyoandikwa kwa mwenyekiti wa kijiji ikieleza kwamba "mkubwa aende kwa baba, mdogo abaki kwa mama" ni makubaliano ya wazazi tu. Si amri ya mahakama. Shauri la ndoa laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na hapo hapo mzazi aombe amri kuhusu malezi, matunzo na siku za kumtembelea mtoto. Amri isipotekelezwa, mzazi hurudi mahakamani kuomba ikaziwe. Na hali ikibadilika, yaani mlezi akiugua, akihama au mtoto akiteswa, mahakama yaweza kuibadili amri yake.

Kwa kuwa wilaya hizi zinapakana na Burundi, mzazi anayehofu kwamba mtoto atavushwa mpaka aiwahi mahakama kuomba amri ya kuzuia mtoto asitolewe nchini.

Asiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili aulize ofisi ya kata kuhusu wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Pakiwa na kipigo, vitisho au unyanyasaji, aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige simu namba 116, ambayo ni ya huduma kwa mtoto na haina malipo.

Ya kukumbuka

Kwanza, miaka saba si siku ya mtoto kuhama. Pili, matunzo hayasimami kwa sababu mtoto anakaa kwa mwenzako, wala ziara hazizuiwi kwa sababu fedha hazijafika. Tatu, mwenye mamlaka ya kuamua mtoto akae wapi, wazazi wasipoelewana, ni mahakama. Nne, kila mzazi atunze nyaraka za mwanawe kama anavyotunza mbegu za msimu ujao.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ndoa yaweza kufika mwisho wake, lakini uzazi hauna talaka. Mtoto anayeamka kesho kwenda shule anastahili kujua kwamba jioni atarudi nyumba ile ile aliyotoka asubuhi.