Kuchagua Kamera ya Kidijitali kwa Safari ya Uvuvi

Samaki avuliwaye alfajiri katika Mto Mkondoa huwa ameuzwa au ameliwa kabla ya jua kutua. Kinachobaki ni masimulizi, na masimulizi ya wavuvi yana desturi ya kumnenepesha samaki kila yanaporudiwa. Picha iliyopigwa vizuri hubaki kuwa ushahidi wa aina ya samaki, ukubwa wake, siku na mahali alipopatikana.

Ushahidi huo una uzito wa pekee katika bonde la Mto Wami, ambako maji ya Mkondoa na ya Mkata huishia. Huko ndiko kwao perege wa Wami, samaki ambaye kwa asili hupatikana katika eneo dogo tu la mashariki mwa Tanzania. Sato si mwenyeji wa mito hii. Alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na ufugaji wa mabwawani umemsambaza sehemu nyingi za nchi. Anapoingia mtoni huzaliana na perege wa asili, na chotara wakiongezeka, perege halisi anaweza kutoweka pasipo mtu kutambua. Sato hujulikana kwa mistari myembamba iliyosimama wima katika pezi la mkia. Perege wa Wami hana mistari iliyopangika hivyo, na wa kiume aliyekomaa hugeuka mweusi. Chotara huweza kuchanganya alama za pande zote mbili, hivyo picha haimalizi ubishi, lakini humpa Afisa Uvuvi mahali pa kuanzia.

Kwa sababu hiyo, kamera inayofaa kwa mvuvi wa Kilosa na Mikumi ni ile inayoweza kuonyesha mistari ya mkia wa samaki. Mnunuzi aijaribu dukani: ailenge noti kwa karibu, kisha aikuze picha kwenye kioo cha kamera na kuona kama maandishi madogo yanasomeka. Jaribio hilo lina faida kuliko kuhesabu megapikseli, ambazo wauzaji hupenda kuzitangaza. Megapikseli 12 hutosha kuchapa picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4.

Jambo la pili ni maji. Kamera nyingi zinazostahimili maji huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza huhusu vumbi na ya pili huhusu maji. Tarakimu 7 upande wa maji ina maana kwamba chombo kilijaribiwa kwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Zipo pia kamera ndogo zilizoundwa kwa kazi za majini; Olympus Tough TG-6, iliyotoka mwaka 2019, huhimili kina cha mita 15 na hupiga picha kwa karibu sana. Hata hivyo, chembe moja ya mchanga kwenye mpira wa mlango wa betri yatosha kupitisha maji. Mlango huo usifunguliwe mtumbwini, na kamera ioshwe kwa maji safi baada ya safari, hasa msimu ambao Mkondoa hubeba tope jingi. Kamera nyingi huzama, kwa hiyo ifungwe kamba yenye boya.

Asiye na uwezo wa kununua kamera atumie simu yake ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, akikumbuka kwamba kioo cha kugusa huwa kisumbufu vidole vikilowa.

Uwezo wa lenzi kuvuta vitu vya mbali nao una kazi yake, kwa kuwa viboko na mamba hawasogelewi kwa ajili ya picha. Ukuzaji wa kidijitali, kwa upande mwingine, hukata tu kipande cha picha na kukitanua. Lenzi pana sana za kamera za michezo humfanya samaki aliyenyooshwa mbele aonekane mkubwa kupita kiasi, sifa inayowapendeza wengi lakini isiyofaa kwa kumbukumbu.

Wakati wa kupiga picha, samaki alazwe ubavu kivulini, kichwa kikielekea kushoto, pezi la mkia likitandazwa na rula ikiwekwa kando yake. Kamera ishikwe moja kwa moja juu yake bila flashi, maana magamba yaliyolowa hurudisha mwanga. Kabla ya safari, tarehe na saa ya kamera vihakikiwe, na jina la mto na la kijiji liandikwe kwenye kipande cha karatasi kitakachoonekana pichani.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na mistari ya mkia ndiyo ya kwanza kupotea. Itumwe kama nyaraka, ili imfikie Afisa Uvuvi kama ilivyotoka kwenye kamera.