Mtambueni Kiwavi wa Mahindi

Ninyi walimaji wa Bengamisa, angalieni picha vizuri. Imemkuza kiwavi, yeye mwenyewe hufika sentimita 4 tu. Msimtambue kwa rangi, maana hubadilika. Tazameni kichwa: mstari mweupe unashuka, kisha unagawanyika kama njia panda. Tazameni karibu na mkia: madoa meusi 4 yamepangwa mraba. Mkiona alama zote mbili, huyu ndiye kiwavijeshi wa Amerika, aliyeonekana Afrika mwaka 2016.

Piteni shambani kila asubuhi. Fungueni majani ya katikati, mpondeni yeye na mayai yake. Akiisha kuingia ndani ya gunzi, dawa haimfikii. Na anayekwenda machimboni asiliache shamba bila mtu: mahindi hayo ndiyo chakula cha watoto.