Tuchague mafuta gani kwa panga na visu vyetu?



Kila mara mvua inaporudi, swali moja linarudi pia ku mikutano: "Agronome, tupake nini ku panga ili kutu isiikule?" Mmoja anasema mawese. Mwingine anasema vidange ya kamyo, juu ku garaji wanaitoa bure. Wa tatu anasema petroli ya taa. Katika somo hili tutaangalia mafuta yote hayo, moja moja. Lakini kabla ya kuchagua, kila mtu ajiulize kwanza: chombo changu kinagusa nini? Kinagusa chakula, ao kinagusa udongo na miti?

1. Kutu inatoka wapi?

Kutu inazaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa kwa wakati mmoja. Chumvi na vitu vyenye ukali, kama ndimu, nyanya na utomvu wa ndizi, vinaiharakisha. Panga zetu nyingi ni za chuma cha kawaida: zinanoleka vizuri, lakini zinashika kutu haraka. Visu vya inoksi vinavumilia zaidi, lakini navyo vikiachwa na chumvi na maji vinaweza kupata madoa.

Mafuta yanafanya kazi moja tu: yanafunika chuma ili maji na hewa visikifikie. Hayaondoi kutu iliyokwisha kuingia. Ukipaka juu ya uchafu na maji, umefungia adui ndani ya nyumba.

2. Mafuta tunayoyapata

Mawese. Iko karibu na haina sumu. Kwa kisu cha jikoni kinachotumika kila siku, inatosha. Ubaya wake ni kwamba mawese ikikaa inachacha, inakuwa na ukali, na ukali huo unaanza kula chuma. Tena inaita panya na sisimizi. Ku milima yenye baridi inaganda na haienei vizuri. Usiitumie kwa chombo kitakachokaa depo miezi mingi.

Mafuta ya alizeti na ya soya. Nayo hayana hatari kwa chakula. Lakini yakikaa juu ya chuma yanakauka na kunata kama gundi. Sekateri iliyopakwa mafuta haya ikawekwa miezi miwili, utaifungua kwa nguvu.

Mafuta ya parafini ya farmasi. Ni yale meupe kama maji, yasiyo na harufu, ambayo watu wanakunywa kidogo kwa kulegeza tumbo. Hayachachi, hayanati, na hayadhuru chakula. Kama koperative inaweza kununua chupa moja tu kwa kazi nyingi, inunue hii: inafaa kisu cha chakula, kisu cha kupandikizia, na hata bawaba ya sekateri.

Mafuta ya mashini ya kushona. Ni mepesi, yanaingia vizuri ku bawaba na ku resori ya sekateri. Si ya kisu cha chakula.

Mafuta mapya ya motere, na vazelini. Ni mazito na yanakaa muda mrefu. Yanafaa panga, jembe na shoka zinazowekwa depo mpaka msimu mwingine. Mafuta ya motere, hata mapya, yasikaribie chakula.

Petroli ya taa na mazutu. Zinasaidia kuosha mafuta ya zamani yaliyonata. Lakini petroli inaruka na hewa na kuacha chuma uchi. Ni za kusafishia, si za kulinda. Na msizitumie karibu na moto.

Likidi ya freni. Hapana! Inavuta maji kutoka hewani.

Vidange. Hapa nawaomba sana, baba na mama: tuiache. Ndani yake kuna masizi ya motere, unga wa vyuma, maji na asidi, kwa hiyo hata chuma chenyewe hakilindi vizuri. Ikigusa ngozi mara nyingi, miaka na miaka, inaweza kuleta kansa ya ngozi. Tena panga ya kufyekea ndiyo mtoto anachukua jioni kwa kukata miwa. Bure ya garaji tunaweza kuilipa hospitali.

3. Namna ya kupaka

• Osha chombo, toa udongo na utomvu wote.
• Kama kuna kutu, isugue kwa mchanga laini na kitambaa. Ndimu pia inasaidia: iache dakika chache, kisha osha vizuri.
• Kausha kabisa, kwa kitambaa na kwa jua.
• Noa sasa, mbele ya kupaka.
• Weka matone machache ku kitambaa, pitisha pande zote mbili na ku makali. Chuma king'ae tu, mafuta yasitiririke.
• Tundika mahali pakavu, mbali na udongo na mbolea ya kemikali. Mbolea ina chumvi, inakula chuma.

Chombo cha kila siku, paka kila jioni. Kilicho depo, kikague kila mwezi.

4. Wenye migomba, sikieni vizuri

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule unaotoa usaha wa manjano ukikata shina, ulionekana Masisi mwaka 2001 na umeharibu mashamba mengi ya Kivu. Panga ni moja ya njia zake kubwa. Mafuta hayaui ugonjwa huu. Hata mafuta mazuri kabisa!

Panga inatakaswa kwa moto, mpaka makali yawe ya moto sana lakini yasifike kuwa mekundu, juu chuma kikiwa chekundu kinapoteza ugumu wake. Ao inatakaswa kwa javeli ya nyumbani, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji. Mbele ya kutakasa, futa mafuta yote: juu ya moto yanawaka, na ndani ya javeli yanazuia dawa isifike ku chuma.

Wengi wameacha javeli juu wanasema inaharibu panga. Ni kweli, inaleta kutu haraka. Lakini dawa yake ni rahisi: jioni, kazi ikiisha, suuza kwa maji safi, kausha, paka mafuta. Hivyo utalinda panga na utalinda shamba. Angalisho: usichanganye javeli na ndimu hata kidogo, hewa inayotoka inadhuru mapafu.

Wanaopandikiza nao wafute mafuta ku kisu kabla ya kukata. Yakiingia ku kidonda cha mti, kipandikizi kinaweza kukataa kushika.

Maswali ya kuzungumzia ku kikundi

• Panga moja ni bei gani ku soko letu, na inadumu misimu mingapi?
• Ku depo yetu, nani anakagua vyombo kila mwezi?
• Kati yetu, nani angali anatumia vidange, na tutamsaidia namna gani abadilishe?